Ile Karatasi ya Tano

Huanshi Zhonglu, Xiaobei,
Guangzhou, China.
Jumatano, 14 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Gharib,

Assalaam alaykum. Neno hilo la "mpendwa" nimeliandika, nikaliangalia, nikataka kulifuta, nikaliacha. Mama alitufundisha salamu kwanza hata kama umekuja kugombana, na mimi sitamvunjia adabu yake kwa ajili yako. Haya, hujambo? Swalha hajambo? Mtoto keshaacha kukohoa? Na Mama, miguu inamuuma bado asubuhi, au ile dawa ya kuchua niliyomletea imemfaa? Namuomba Mungu barua hii iwakute nyote wazima.

Mimi sijambo ya kusema tu. Chakula kinapita, mvua za huku zimeanza, nguo hazikauki. Lakini nina hasira, Gharib. Nina hasira ambayo sijapata kuwa nayo tangu nizaliwe, na uliyeisababisha ni wewe. Salamu zimekwisha. Kaa kitako usome.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei. Leo siku ya sita. Nakuona uko hewani, unaweka picha za mtoto, unaweka picha za mpira, nikipiga mimi unayeyuka. Sababu nyingine ni kwamba simu yangu imepita mikononi mwa polisi, na mambo haya sitaki tena kuyasema humo. Barua anakuletea Muzdalifa, yule jirani yangu wa ofisi ya pili anayenunua nguo za watoto kule soko la Shahe. Anaondoka uwanja wa ndege wa Baiyun keshokutwa Ijumaa. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mlinzi wala dada wa kazi.

Ndiyo, nimesema polisi. Umesoma vizuri.

Nianze mwanzo, maana nakujua, utajitia hamnazo. Mwezi wa tatu uliniambia umechoka kunitolea makontena kwa kutumia kampuni za watu, unafungua yako mwenyewe ya uwakala wa forodha. Nikafurahi mpaka nikamnunulia Muzdalifa chakula. Halafu tarehe mosi mwezi huu ukanitumia kwenye WeChat barua ya kurasa tatu, Kiingereza kitupu cha kisheria, vifungu juu ya vifungu. Ukasema umeniweka mkurugenzi kwa heshima, kwa kuwa mimi ndiye niliyekulea, na wanaotoa leseni wanataka hati ya polisi kuonyesha kwamba kila mkurugenzi hana kosa huko anakoishi. Ukaniambia, "Dada, nenda nayo hivyohivyo, usihangaike kuisoma, ni mambo ya ofisi tu."

Nikaangalia ukurasa wa kwanza. Nikaona jina langu lote, mpaka la babu. Nikaona jina la kampuni: Dalila Bahati. Gharib, nikalia. Wallahi nililia pale kwenye duka la kuchapisha, mtoto wa Kichina akanipa karatasi laini nifute uso. Nikajisemea, kumbe mdogo wangu ana moyo, kampuni ya kwanza ya maisha yake ameipa jina la Mama. Nikalipia, nikaondoka, ukurasa wa pili na wa tatu sikuzigusa. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Sisi hapa kila siku tunatia saini karatasi tusizozisoma, za ghala, za cargo, za mwenye nyumba, mradi mhuri uwepo. Lakini hizo zote hunipa watu baki; hii nilipewa na ndugu yangu.

Alhamisi iliyopita nikaenda kituo cha polisi cha mtaa wetu. Nilikwenda na Wangeci, yule Mkenya wa Nairobi anayetufanyia ukalimani, maana Kichina changu ni cha bei na punguzo, cha serikali sina. Wangeci alikuwa ametoka kwa mteja mwingine, amechelewa, hakupata hata nafasi ya kuishika ile barua. Tukaingia hivyo hivyo. Nilivaa baibui langu jipya, Gharib. Nilijipamba kwenda kukutafutia heshima.

Afisa mmoja mwanamke akaichukua barua. Akatoa simu yake, akaipitisha juu ya maandishi, simu ikamfasiria. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaninyanyulia macho. Akaniuliza kama kweli mimi ni laoban wa kampuni hii. Hilo neno nalijua, nikienda Shahe kila muuza suruali ananiita laoban, bosi. Mimi nikatabasamu. Nikasema ndiyo, ni yangu na mdogo wangu. Nikaongeza na madoido, nikamwambia Wangeci amfasirie kwamba kampuni ina jina la mama yetu mzazi.

Wangeci hakufasiri. Alikuwa ameinama anasoma ule ukurasa wa tatu. Akanishika mkono akaniambia polepole, "Sihaba, hii ni company ya kubet. Online. Ulisoma hii kitu kweli?"

Gharib, unajua niko nchi gani? Wewe umekuja huku mara mbili. Umewahi kuona hapa duka la kubeti hata moja? Huku kamari ni jinai. Watu wanafungwa. Anayeicheza anaadhibiwa, sembuse anayeiendesha. Na mimi, dada yako, mtu mzima na baibui langu, nimekwenda kwa miguu yangu mpaka dirishani kwa polisi wa Kichina, nikawapa karatasi inayosema mimi ni mwendeshaji wa michezo ya kubahatisha ya mtandaoni, nikawaomba waniandikie hati kwamba sina kosa! Na nikatabasamu! Hata mwizi wa kuku hafanyi ujinga huo.

Waliniweka chumba cha ndani tangu saa nne asubuhi hadi karibu na laasiri. Sitawasingizia, hawakunipiga, hawakunitukana, walinipa na maji ya moto. Lakini walichukua simu yangu wakaifungua yote, picha zote, sauti za Mama zote, wakitafuta kama nina wachezaji huku. Wananiuliza tovuti iko kwenye kompyuta gani. Wananiuliza fedha zinapitia wapi. Nitajuaje mimi? Nilichojua ni kontena. Adhuhuri ikanipita nimekaa kwenye kiti cha plastiki najibu maswali juu ya kamari. Wangeci angeweza kwenda zake, ana watoto na kazi, alikaa na mimi mpaka mwisho, akaapa mbele yao kwamba ananijua. Mtu si ndugu yangu, si dini yangu, si nchi yangu.

Wameniachia kwa sharti, na sharti hili ndilo lililonifanya niandike, kwa hiyo lisome mara mbili. Nimepewa mpaka tarehe 30 mwezi huu niwapelekee barua yenye mhuri kutoka kwa hao hao wanaotoa leseni huko nyumbani, inayosema kwamba mimi simo katika maombi hayo na sikuyakubali kwa hiari yangu. Kibali changu cha kuishi kinaisha tarehe 11 Juni. Bila barua hiyo hawakifanyi upya. Miaka kumi na miwili, Gharib. Ofisi, wateja, ghala, watu wanaonikopesha mali kwa neno la mdomo kwa sababu ya jina langu, vyote vinasubiri mhuri mmoja ambao wewe ndiye wa kuuleta.

Sasa tuje kwenye saini. Ule ukurasa wa tatu una barua yangu ya kukubali ukurugenzi. Saini ni yangu. Si ya kughushi, ni mkono wangu wenyewe, na ule mkia wa herufi ya mwisho ninaouvuta kwenda chini. Nilikaa kwenye kile chumba naiangalia, najiuliza niliandika lini. Halafu nikakumbuka.

Mwaka juzi nilipokuja kwa msiba wa baba mdogo, nilikuachia karatasi tupu tano, nyeupe, saini yangu chini peke yake. Wote hapa tunafanya hivyo. Kontena likikwama bandarini wakataka barua ya idhini, mwenye mzigo yuko China, mpaka karatasi isafiri ghala limeshakula faida. Basi unamuachia mtu wako karatasi zenye saini, akihitaji anajaza juu. Si kila mtu unampa. Unampa yule ambaye ukifa ndiye atakayekuosha au kukuchimbia kaburi. Mimi nilikupa wewe. Nne ukazitumia, kila moja ukaniambia. Ya tano nilikuuliza mwenyewe, mwezi wa kumi na moja, ukanijibu imeloa mvua, umeitupa. Kumbe mvua gani? Ilikuwa imekauka vizuri, imekaa kwenye droo yako inasubiri.

Na usiniambie ulidhani nisingekataa. Nilikataa! Ulikuja huku mwaka jana, tumekaa kwenye mkahawa wa Waislamu hapa chini, tambi zako zinapoa kwa maneno, unanieleza Jonas rafiki yako ana mpango, tovuti ya kubeti, leseni halali, kinachowapungukia ni mkurugenzi mwenye rekodi safi ya biashara, aliyelipa ushuru miaka mingi bila doa. Nikakwambia hapana. Nikakwambia tena hapana. Mara ya tatu nikakwambia ukiendelea ninahama meza. Ukacheka, ukasema, "Basi dada, yaishe." Kumbe yalikuwa hayajaisha, ulikuwa unaikumbuka ile karatasi.

Najua utetezi wako, naweza kukuandikia mwenyewe. Utasema ni biashara ya halali, serikali imeiruhusu, ina bodi inayotoa leseni, ina ada, ina kodi, ina masharti ya kuwalinda watoto, si kamari ya vichochoroni. Sawa. Sibishani na serikali. Kama wewe na Jonas mnataka kuwafungulia watu mikeka ya kubeti mpira, nendeni mkasimame mbele ya bodi kwa majina yenu na rekodi zenu, mkahojiwe kama watu wazima. Mtakayojibu kwa Mungu ni yenu. Lakini hayo masharti unayojivunia, yamewekwa ili ajulikane mwenye mchezo ni nani. Wewe umelichukua sharti lenyewe ukalijaza uongo. Wamekuuliza nani mwaminifu, ukawaonyesha mimi, ukiwa umesimama nyuma yangu umejificha.

Na jina la Mama! Mama anafundisha watoto Kurani pale Magomeni mwaka wa thelathini na moja huu. Nusu ya mtaa wamesoma alifu kwake. Bi Dalila akipita, wanaume wazima wanazima redio. Ukatafuta jina la kuweka kwenye tovuti ya kubeti, majina yote ya dunia hukuyaona, ukaona la Mama. Ulitaka wale wale aliowafundisha wafungue simu zao usiku wamtafute Dalila wapate bahati? Khaa! Uliwaza nini? Ulidhani unamuenzi? Mimi nadhani hukuwaza chochote. Uliona jina zuri, linavutia, na wewe umezoea kuchukua kilicho karibu.

Kosa lingine ni langu nalo, nitalisema. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Baba alipofariki ulikuwa na miaka tisa, nikakulea kwa kukupa. Ukivunja, nalipa. Ukifeli, nabadilisha shule. Mwandiko wako ulikuwa mbovu mpaka mwalimu akakurudishia madaftari, nikawa nakaa na wewe sakafuni pale Magomeni, nimekushika mkono, G, h, a, r. Jina lako mimi ndiye niliyekufundisha kuliandika. Na mkono ule ule ndio uliojaza juu ya saini yangu. Asante ya punda, kweli.

Basi sasa utafanya hivi, na hapa sikuombi. Muzdalifa anafika Dar Jumamosi. Jumatatu tarehe 19 asubuhi utakwenda kwenye ofisi ya bodi, wewe mwenyewe, si Jonas, si wakili wa Jonas. Utawaambia kwa mdomo wako kwamba dada yako hakukubali, hakujua, na karatasi ile ilikuwa tupu alipoitia saini. Ndani ya bahasha kuna barua yangu kwa bodi, inasema hayo hayo. Nimeiandika kurasa mbili, maneno yamefika mpaka saini bila kuacha hata mstari, na pembeni nimepiga mistari kwa kalamu. Ndivyo nitakavyoandika siku zote sasa. Utaomba barua ya kuthibitisha, yenye mhuri, na utampa Muzdalifa. Anarudi huku Jumapili tarehe 25.

Najua maana yake. Leseni mtakosa, pengine milele. Pengine watakuuliza maswali zaidi ya hayo, na chumba chako kitakuwa na kiti cha plastiki kama changu. Nimeliwaza hilo, Gharib, usidhani sikuliwaza. Nimelala nalo siku tano. Kama ningeweza kukuokoa bila kujizamisha ningefanya, kwa sababu ndiyo tabia yangu na ndiyo iliyotufikisha hapa. Mara hii siwezi. Sema kweli mapema, waone kuwa umekuja mwenyewe, hiyo ndiyo nafuu yako pekee.

Usipokwenda, Muzdalifa ana nakala ya barua ile ile. Alhamisi tarehe 22 atakwenda yeye bodini, na akitoka huko atapita Magomeni kumweleza Mama kwa nini huenda nikarudi nyumbani na begi moja. Sitaki Mama ajue. Miguu inamtosha. Lakini sitamficha kwa gharama ya kila nilichokijenga, ili wewe uendelee kula kwake Ijumaa ukimwita mama mzuri.

Kontena linalofika mwezi ujao halipiti kwako. Nimeshaongea na mjomba Abdulwakil, atamtafuta wakala. Kwenye funguo zangu za ghala unao mmoja, mpe Muzdalifa.

Nisalimie Swalha. Yeye sina neno naye, na kama hajui, mwambie wewe kabla hajaambiwa mtaani. Mbusu mtoto kwa ajili yangu, kuna viatu vyake kwenye mzigo wa Muzdalifa, vile vya kuwaka taa alivyotaka. Mjomba Abdulwakil mpe salamu. Mama mwambie nimesema nakula vizuri na nitapiga simu Ijumaa baada ya swala kama kawaida. Mungu awahifadhi, akulainishe moyo, akupe ujasiri wa siku moja tu, Jumatatu.

La mwisho. Kwenye bahasha, nyuma ya barua ya bodi, utakuta karatasi nyingine. Nyeupe, haina neno. Usiigeuze geuze kutafuta maandishi, hayamo. Hiyo ni yako. Chukua kalamu, tia saini yako chini kabisa, sehemu yote ya juu iache tupu, umpe Muzdalifa aniletee China, mimi niiweke kwenye droo yangu. Ukiweza kufanya hivyo na ukalala usingizi usiku ule, basi utakuwa umejua nilikupenda kiasi gani mwaka juzi. Na kalamu ikikugomea, nirudishie karatasi kama ilivyo. Nitaelewa.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo, na Mungu anajua leo ni kazi,

Sihaba